Mikono ya Padri Mzee

  Jioni ya leo naomba tuzungumze juu ya padri mzee, na kikanisa chake kidogo kinachosali Misa ya Kilatini, na swali ambalo waumini wake hulikwepa mpaka siku anapolazwa hospitali: baba huyu akiondoka, nani atapanda altare?

Naanzia mbali kidogo. Tarehe 31 Julai 1969 ndege iliyombeba Papa Paulo VI ilitua Entebbe. Kesho yake, pale uwanja wa Kololo hapa Kampala, aliwawekea mikono mapadri 12 na kuwafanya maaskofu wa Afrika. Wengi wetu tunajua habari hiyo, kwa kuwa wazazi wetu walitembea kwa miguu kwenda kumwona. Lisilosemwa sana ni kwamba Papa huyo alifika hapa akiwa katikati ya vitabu viwili. Mwezi Aprili mwaka ule alikuwa ametia saini kitabu kipya cha Misa, na kitabu hicho kilipangwa kianze kutumika Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba. Misa ya zamani, ambayo tangu 1965 ilikwisha kuanza kubadilishwa kipande kwa kipande, ilikuwa imebakiza miezi minne. Akiwa Kampala aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza, na tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wenye sura ya Kiafrika. Ngoma zililia. Halafu akaondoka, na mwaka ule haujaisha Kilatini kikaanza kurudi kabatini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kashozi, upande wa Bukoba. Misheni ya Kashozi ni mtoto wa vita vya hapa hapa Kampala. Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipopigana Mengo na kanisa la Lubaga likachomwa moto, Askofu Hirth alikimbilia kusini na watu wake, na mwaka huo huo misheni ikafunguliwa Kashozi. Bibi hakwenda shule hata siku moja. Lakini Salve Regina aliiimba yote, neno kwa neno, akichambua maharage. Nilipomuuliza maana yake alinitazama kwa mshangao, akasema, "Mjukuu wangu, namsalimia Mama." Kwake hilo lilitosha. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi juu ya Kilatini cha kanisani, na nimesoma vitabu vingi.

Sasa chora picha hii kichwani. Sitaji mahali wala mtu, maana vikanisa vya namna hii viko sehemu nyingi za dunia na yanayovisibu yanafanana. Ni chumba kirefu chenye paa la mabati. Altare imeegemea ukutani, juu yake mishumaa sita. Waumini arobaini hivi: wazee wachache wanaokumbuka, na vijana wengi ambao hawakuzaliwa wakati ule, waliochoka na kelele za vipaza sauti wakaja kutafuta ukimya. Padri amepita miaka themanini. Anapanda ngazi za altare akiwa amemshika bega mtoto anayetumikia. Baada ya mageuzo, kidole gumba na kidole cha shahada vya kila mkono hubaki vimeshikana, havifunguliwi mpaka vioshwe, ili hata chembe moja ya hostia isianguke. Mikono ya mzee inatetemeka, lakini vidole vile havifunguki. Mtoto anahamisha kitabu kutoka upande wa Somo kwenda upande wa Injili, anapiga magoti, anainuka. Hakuna anayezungumza. Nje bodaboda zinapita.

Nani atakaa mahali pa mzee huyo?

Tupige hesabu pamoja. Padri aliyepewa daraja mwaka 1968 akiwa na miaka 25 leo amevuka 80. Kizazi kilichofundwa seminarini katika Misa ile na kuisali kama mkate wa kila siku ni kizazi cha Kardinali Emmanuel Wamala, aliyezaliwa Desemba 1926, akapewa upadri Roma mwaka 1957, akaja kuliongoza Jimbo Kuu la Kampala kuanzia 1990 hadi 2006. Nyuma yao wapo mapadri waliojifunza Misa hiyo baadaye, kwa kupenda kwao, na mlango wa kujifunza umekuwa ukifunguliwa na kufungwa. Mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II aliwaruhusu maaskofu kuikubali kwa masharti. Tarehe 7 Julai 2007 Papa Benedikto XVI akaufungua wazi: padri yeyote angeweza kuisali. Tarehe 16 Julai 2021 Papa Fransisko akaurudisha mikononi mwa maaskofu. Makundi mapya yasianzishwe, Misa hiyo isisaliwe katika makanisa ya parokia, na padri atakayepewa daraja baada ya siku hiyo aombe ruhusa. Februari 2023 Roma ikakaza zaidi: ruhusa ya padri mpya lazima itoke huko huko Roma.

Tazama jinsi sheria hiyo inavyofanya kazi. Haiwafukuzi wazee. Inawaacha wasali. Ila inaziba njia ya kijana anayetaka kuja nyuma yao, na kikanisa kinakuwa kama shamba ambalo mwenyewe hajakatazwa kuvuna, amekatazwa kupanda. Papa Fransisko alieleza sababu zake: aliona Misa ya zamani imegeuzwa na wengine kuwa bendera ya kuupinga Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mahali pengine ilikuwa kweli, nami nimewasikia watu wa namna hiyo wakisema maneno juu ya Papa ambayo bibi yangu angewaosha midomo kwa sabuni. Lakini wale vijana wa kwenye ukimya hawakuja kumpinga mtu. Walikuja kupiga magoti.

Na hapa Kampala kupiga magoti si jambo geni wala la pembeni. Kumbukeni tarehe 1 Februari 2020. Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga alitoa amri kwamba katika jimbo lake hakuna tena kupokea komunyo mkononi, watu wapokee kwa ulimi, na Misa zisisaliwe tena majumbani. Mji mzima ulizungumza. Wiki chache baadaye korona ikafunga makanisa yote na mjadala ukamezwa na hofu kubwa zaidi. Tarehe 3 Aprili 2021, Jumamosi Kuu, Askofu Mkuu Lwanga akakutwa amefariki chumbani mwake. Jana yake, Ijumaa Kuu, alikuwa barabarani na waumini katika Njia ya Msalaba. Hakuwa mtu wa Misa ya Kilatini, wala sitaki kumpa kundi ambalo hakujipa. Ninachosema ni kwamba heshima ile ya kupokea kwa ulimi, ambayo Ulaya inahesabiwa kuwa alama ya wapenda mambo ya kale, hapa ilitoka Lubaga kwenye kiti cha askofu mkuu. Mtu asije akatuambia kwamba watu wa vikanisa hivi wanafuata mambo ya Wazungu.

Tena nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu naisikia hoja hiyo kila mara: Kilatini si cha Mwafrika. Shahidi wetu Karoli Lwanga alisikia Misa gani? Yosefu Mukasa Balikuddembe alipokea komunyo katika Misa gani? Wale vijana Wakatoliki wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 hawakujua Misa nyingine zaidi ya hiyo. Lugha ile iliwafikia kupitia Kiswahili. Wamisionari waitwao Mapadri Weupe waliondoka Bagamoyo Juni 1878, na kwa Kiswahili ndipo Padri Lourdel, ambaye Baganda walimwita Mapeera, alipoanza kuzungumza na Kabaka Mutesa. Kiswahili na Kilatini vilipanda vilima hivi vikiwa wageni wawili walioshikana mikono. Kiswahili nacho kilikuja kushukiwa hapa kwa miaka mingi, na hata baada ya Baraza la Mawaziri kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022 bado kuna wanaokitazama kwa jicho la kando. Mimi ninayewasemesha kwa lugha hii katikati ya Kampala najua jinsi inavyouma lugha unayosalia kuambiwa kwamba si ya hapa.

Basi turudi kwenye swali letu, kupitia mzee mwingine. Watu wengi hudhani ugomvi wa Misa ya Kilatini ulianzia Ulaya tupu. Lakini mtu aliyeuongoza alikuwa mmisionari huku Afrika. Marcel Lefebvre, Mfaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo, alifika Gabon mwaka 1932, akafundisha seminari, akakaa misheni za porini, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Dakar mpaka 1962. Mwaka 1970 alianzisha Shirika la Mtakatifu Pio wa Kumi, ambalo leo lina nyumba hata Nairobi. Ugomvi wake na Roma ni mrefu na una mambo mengi ndani yake, siwezi kuumaliza usiku mmoja. Nataka tutazame siku moja tu, tarehe 30 Juni 1988. Siku hiyo, bila idhini ya Papa, aliwawekea mikono mapadri wanne kuwa maaskofu, na hukumu ya kutengwa na Kanisa ikafuata.

Alikuwa na miaka 82.

Watu husoma tukio lile kama kiburi, na wengine kama ushujaa. Mimi naona kwanza mzee anayeogopa. Alijua kwamba seminari zake zilijaa vijana, na kwamba siku atakayofumba macho hakutakuwa na askofu wa kuwapa daraja. Padri hawezi kuzaa padri, ni askofu peke yake awezaye. Hofu ile ilikuwa ya haki, na njia aliyoichukua ilikuwa mbaya. Kardinali Hyacinthe Thiandoum wa Senegal, ambaye alipewa upadri na Lefebvre mwenyewe mwaka 1949 na kumrithi Dakar, alihangaika kwa miaka akijaribu kumrudisha baba yake nyumbani. Fikirini mtu huyo, aliyepokea daraja kutoka kwa mikono ile ile, akiona inavunja kitu. Lefebvre alifariki Machi 1991. Benedikto XVI aliwaondolea maaskofu wale wanne hukumu ya kutengwa mwaka 2009, lakini suluhu kamili haikupatikana. Mmoja wao, Tissier de Mallerais, akafariki Oktoba 2024; mwingine, Williamson, ambaye shirika lilikuwa limeshamfukuza, akafariki Januari 2025. Kati ya wanne wakabaki wawili, nao wazee. Hofu ya 1988 ikarudi mlangoni.

Kampala tunaijua hofu hii. Tunaijua hata nje ya Ukatoliki, na naomba radhi kwa kutoka parokiani kidogo, maana mifano miwili ya hapa kwetu inanifundisha kuliko ya Ulaya.

Wa kwanza ni wa Wamalaki. Mwaka 1914 Malaki Musajjakawa, akiwa pamoja na chifu mkubwa wa Busiro, Yosuwa Kate Mugema, alianzisha kanisa lililokataa waganga na hospitali na kubatiza watu bila kuwasumbua na mafundisho marefu. Sensa ya 1921 iliwahesabu zaidi ya 90,000. Watu elfu tisini! Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ikawahamisha viongozi wakuu mbali na Buganda. Kanisa likaanza kuyeyuka, na leo Wamalaki ni jina linalopatikana zaidi vitabuni. Lilitegemea watu wawili watatu, nao walipoondolewa hapakuwa na mkono wa kuliokota.

Wa pili ni Reuben Spartas Mukasa. Mwaka huo huo wa 1929 alijitenga na Waanglikana, akatangaza kwamba yeye ni Mwothodoksi, wakati nchi nzima haikuwa na askofu wa Kiothodoksi hata mmoja. Spartas aliona mapema kile ambacho Wamalaki hawakukiona: kanisa lisilo na askofu lina kizazi kimoja cha kuishi. Akaandika barua mpaka Afrika Kusini, akamleta askofu mkuu Daniel William Alexander, na mwaka 1932 Spartas na shemeji yake Obadiah Basajjakitalo wakapewa upadri. Halafu akaja padri Mgiriki kutoka Tanganyika akawaambia ukweli mchungu, kwamba huyo Alexander hatambuliwi na Waothodoksi wa dunia. Wangeweza kununa. Wangeweza kusema sisi tumeshapata daraja, inatosha. Wakaanza upya. Wakaandika Aleksandria, wakangoja, wakaandika tena, na mwaka 1946 Patriaki akawapokea. Spartas alifariki mwaka 1982 akiwa askofu. Kanisa lao liko Namungoona mpaka leo, na Jonah Lwanga, aliyekuja kuwa askofu wao mkuu wa Kampala tangu 1997 hadi kifo chake mwaka 2021, alikuwa mjukuu wa Basajjakitalo.

Miaka kumi na minne ya kuandika barua kutoka 1932 hadi 1946. Hiyo ndiyo ninayotaka watu wa kikanisa chetu waipime.

Yapo pia mambo ya chini zaidi, ya ardhi na uji, ambayo watu wa sala huona haya kuyataja. Kanuni ya 538 ya sheria ya Kanisa inasema paroko akifikisha miaka 75 anaombwa atoe barua ya kujiuzulu, na askofu ana wajibu wa kumtafutia riziki na mahali pa kuishi. Padri aliye ndani ya jimbo, hata akisahau majina ya watu, atakuwa na kitanda na mtu wa kumpikia uji. Padri aliyejitenga, au aliyeachwa kando, anategemea waumini wake arobaini. Nani atamwogesha? Nani atalipa dayalisisi? Ni wanawake wa kikanisa, kwa kawaida, wale wale wanaofua vitambaa vya altare na kupiga pasi alba, ndio huishia kuwa wauguzi wake bila mshahara. Nawaheshimu sana. Wala si haki mzigo huo kuwaangukia wao peke yao.

Na kiwanja je? Mkataba wa Buganda wa 1900 uliyapa mashirika ya wamisionari maili za mraba 92, na mpaka leo makanisa makubwa yanasimama juu ya ardhi yenye wadhamini walioandikishwa kisheria. Kikanisa kidogo mara nyingi kiko kwenye kibanja cha muumini mmoja mwema, au hati ina jina la padri mwenyewe. Mwema akifa, watoto wake ambao husali Makerere kwenye kanisa la walokole, au hawasali kabisa, wanaona mahali pa kujenga vyumba vya kupangisha. Sitawalaumu. Karatasi ndiyo inayosema. Kama unanisikiliza na kanisa lenu liko namna hiyo, kesho asubuhi nenda ukaulize hati iko kwa jina la nani, kabla hujawasha mshumaa mwingine.

Sasa niseme ninalolibeba moyoni, na wale watakaokasirika wanisamehe.

Napenda Misa ya zamani. Naipenda kwa ajili ya bibi na kwa ajili ya ule ukimya, ambao katika mji huu wa honi na matangazo umekuwa bidhaa adimu kuliko mafuta. Lakini siamini kwamba kikanisa kinaweza kuokolewa kwa kumkimbia askofu. Kinachokitisha kikanisa ni kukatika kwa uzi wa mikono: askofu amwekee padri, padri amfundishe mtumishi, mtumishi akue. Kama uzi huo umekatika upande wa askofu, hata ukiwa na vitabu vyote vya Kilatini na ubani wa miaka mia, una muda wa maisha ya mzee mmoja tu. Ndiyo maana nawasihi mwende Lubaga sasa, mzee akiwa hai na akili zake timamu. Nendeni pamoja naye. Mwandike barua, mkijibiwa vibaya mwandike nyingine. Spartas alikuwa na sababu nyingi za kukata tamaa kuliko nyinyi.

Na kwenu mnaoshika mamlaka katika Kanisa, kwa heshima ya mtoto kwa wazazi wake: msingoje mzee afe ili tatizo liishe. Najua inavutia. Mkikaa kimya miaka mitano, kikanisa kitajifunga chenyewe, hakuna ugomvi, hakuna barua za Roma. Lakini wale arobaini hawatarudi parokiani wakiimba. Wengine watakaa nyumbani. Wengine watafuata mtu yeyote atakayekuja na kasula na Kilatini cha kubabaisha, awe na daraja au asiwe nalo, na mji huu haujapungukiwa na watu wa kujivika mavazi. Mtumeni padri kijana akae na mzee miezi sita. Hata kama Misa ile haitaruhusiwa kuendelea, kijana huyo atakuwa amewajua watu kwa majina, na siku ya msiba ataingia mle ndani kama mwana wa nyumba.

Kuna wanaonijibu kwamba Kanisa la Uganda liliwahi kuishi bila padri, na wana haki. Novemba 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda wakahamia kusini ya ziwa. Walirudi Julai 1885. Ubatizo wa kwanza ulikuwa Jumamosi Kuu ya 1880 tu, kwa hiyo waliwaacha watu wenye imani ya miaka miwili na nusu, peke yao, karibu na kabaka asiyetabirika. Mapeera aliporudi aliwakuta wameongezeka. Akina Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wamefundisha, wamewauguza wagonjwa wa tauni, wamebatiza waliokuwa wanakufa. Na usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Balikuddembe akiwa ameshauawa na mapadri wakiwa mbali, Karoli Lwanga alichukua maji akawabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, Kizito akiwemo, kijana wa miaka 14 hivi. Mikono ya mlei. Hakuna Mkatoliki wa Kampala anayeweza kupita Munyonyo bila kuikumbuka.

Hoja hiyo ni nzito, na nimeigeuza sana kichwani. Lakini tuwe wakweli. Walichokuwa nacho kwa miaka ile kilikuwa rozari, mafundisho na ubatizo. Misa hawakuwa nayo. Waliisubiri. Kikanisa cha Kilatini kimejengwa kwa ajili ya Misa ile, na siku mzee atakapoondoka waumini wanaweza kukusanyika wakasali rozari vizuri kabisa, lakini altare itabaki meza yenye kitambaa. Watakuwa watu wa kusubiri. Kusubiri nako kunataka kufundishwa, na mashahidi walisubiri wakiwa tayari wamefundishana kila kitu ambacho mtu asiye padri anaweza kukijua. Je, sisi tumefundishana nini? Mtoto anayemshika mzee bega pale altareni anajua kwa nini vile vidole havifunguki? Au anahesabu tu ngazi?

Mzee akiwa bado anaongea, mkalisheni chini. Simu zenu zinarekodi. Mwulizeni alifundishwa na nani kuimba utangulizi wa Misa ya Pasaka. Mwulizeni alijisikiaje ile Jumapili ya kwanza alipowageukia watu na kuona nyuso zao wakati wa mageuzo. Wapo mapadri waliolia siku hiyo kwa furaha, na wapo waliolia kwa namna nyingine, na karibu wote wamekwenda bila kuulizwa.

Bibi yangu tulimzika Kashozi, alasiri yenye mawingu. Padri aliyeongoza mazishi alikuwa kijana mwema, mpole, aliyesoma sala zote vizuri, na kwaya iliimba nyimbo za kufariji kwa Kihaya na Kiswahili. Jeneza lilipoanza kushushwa, katekista mmoja mzee sana, aliyekuwa amekaa pembeni juu ya gogo la mti, alisimama kwa fimbo yake na kuanza peke yake, kwa sauti iliyopasuka, Salve Regina. Vikongwe wawili wakamfuata. Kisha wa tatu. Padri kijana aliinamisha kichwa akangoja. Sisi wajukuu tulikuwa zaidi ya ishirini pale kaburini, wengi wetu tumesoma mpaka chuo kikuu, na tulisimama kimya mpaka wale wazee wanne walipomaliza, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyejua neno linalofuata.